Kijiti mkononi, vidonge kwenye kopo la chai

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Arusha. Huu ni mwaka wangu wa pili Ujerumani, karibu na mji wa Leipzig, nasomea uuguzi kwa utaratibu wao wa kusoma huku unafanya kazi. Mume wangu alinifuata miezi kumi iliyopita na amepata kazi kwenye ghala la vifurushi. Bado hatuna mtoto, na hilo tulikubaliana wenyewe: tutazaa nikishamaliza masomo. Ndiyo maana kabla ya safari niliwekewa kijiti kwenye zahanati ya kwetu, kile kimoja cha miaka mitatu.

Baridi ya mwaka wa kwanza niliiona kitu kipya, nikapiga picha za theluji nikatuma nyumbani. Ya safari hii imenishinda. Tangu Novemba natoka nyumbani gizani kuwahi zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, na Desemba jua lilikuwa linazama saa kumi jioni, kwa hiyo hata kurudi nilirudi gizani. Nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Chakula hakina ladha, simu za nyumbani sipokei. Siku moja kwenye kituo cha wazee nilikuwa namnyoa ndevu babu mmoja, machozi yakaanza kunitoka tu, wala sijaudhiwa na mtu. Yule babu mkono wake mmoja umepooza. Akatumia ule mzima kuvuta leso mfukoni, akanipa.

Mfanyakazi mwenzangu, Mjerumani, aliniona siku hiyo. Akaniambia hiyo ni huzuni ya majira ya baridi, hata mama yake inampata kila mwaka, na huwa anatumia mmea unaoitwa Johanniskraut. "Ni majani tu," akasema. Nikaenda duka la dawa, nikapewa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku, jumla miligramu 900. Mfamasia aliniuliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nikasema hapana. Shangazi, sikukusudia kudanganya. Sikuwa nameza chochote, na kijiti sijawahi kukihesabu kuwa dawa. Kipo tu mkononi kama kovu la chanjo.

Baada ya wiki tatu hivi nikaanza kujirudia. Jioni moja nilijikuta naimba nikikaanga vitunguu, mume wangu akaja jikoni kuangalia kuna nini.

Katikati ya Januari ikaanza damu. Tangu niwekewe kijiti hedhi yangu ilikuwa kidogo, mara nyingine inaruka miezi miwili. Safari hii ilitoka matone matone siku 12, ikakata, ikarudi. Mume wangu akasema, "Hicho kijiti kimeharibika. Kakitoe." Mama mkwe naye hupiga simu kila Jumapili kutoka Moshi, na swali lake ni lile lile: "Bado mnasoma tu?"

Halafu wiki mbili zilizopita mwalimu wetu wa somo la dawa alitupa kazi ya nyumbani: chukueni karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa yoyote mliyo nayo, muisome yote. Mimi nilikuwa na pakiti moja tu. Niliisoma usiku kwa kamusi, mume wangu yuko zamu. Imeandikwa kwamba mmea huo unaweza kupunguza nguvu za dawa za homoni za kuzuia mimba. Miguu iliniisha nguvu. Nimepima mkojo mara mbili, mstari umetoka mmoja.

Sasa nifanyeje? Nikiacha vidonge, naogopa lile giza litanirudia. Nikikitoa kijiti, nitashika mimba kabla sijamaliza, na kibali cha kukaa huku kimefungwa na masomo. Kwa sasa nameza siku moja naruka moja, nikitumaini vyote viwili vitafanya kazi nusu kwa nusu. Mume wangu hajui lolote. Vidonge nimevificha kwenye kopo la majani ya chai, maana chai naipika mimi. Kwetu mtu anayetumia dawa za huzuni husemwa amechanganyikiwa. Naogopa ataniona hivyo, na akimweleza mama yake ndiyo basi tena. Na daktari wa huku simwendei, nisije nikaandikwa mgonjwa wa akili nikaondolewa chuoni. Niache kipi, Shangazi?

Binti wa chini ya Meru, Leipzig

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwa babu na leso yake. Mtu aliyezidiwa na machozi akiwa kazini, kisha akaenda kwa miguu yake kutafuta dawa, huyo hajachanganyikiwa. Alikuwa anaumwa, akashika msaada wa kwanza alioonyeshwa. Ugonjwa huo una jina katika Kiswahili, sonona, na wako unaelekea kuwa ule unaoingia na majira ya giza. Siwezi kukupima kwa barua, lakini nimefanya kazi ya ukunga na uzazi wa mpango miaka mingi, na wanawake waliolia mbele yangu bila kujua wanalilia nini ni wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu.

Unaniuliza uache kipi kati ya viwili, kile kinachokurudishia uhai au kile kinachokulinda. Swali hilo naona limebeba mengine ndani yake, na mengine yamekaa nyuma ya lile kopo la chai. Lakini la mwili halisubiri, tulimalize kwanza.

Kuanzia leo tumieni kondomu. Huo mpango wa kumeza siku moja na kuruka moja hauleti nusu kwa nusu. Mmea huu huliamsha ini livunje homoni haraka, na ini likishaamshwa halilali kesho yake. Miongozo ya uzazi wa mpango huhesabu siku 28 baada ya kidonge cha mwisho ndipo kinga ihesabiwe imerudi. Kwa kuruka siku unaipunguza dawa ya huzuni, na kinga bado hujaipata. Kipimo cha mkojo pia kirudie, kwa sababu mstari mmoja unaaminika zikiwa zimepita wiki tatu tangu mlipokutana mara ya mwisho bila kondomu. Na kama mmekutana hivyo ndani ya siku hizi tano, wahi kwa daktari wa wanawake: kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku hizo huzuia mimba, na mmea haukigusi, ilhali vidonge vya dharura vya levonojestreli huvunjwa na ini lile lile. Ukipata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, au kizunguzungu cha kuanguka, usingoje miadi, piga 112, namba ya dharura ya huko. Mimba inayotunga mtu akiwa na kijiti ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nje ya mfuko wa uzazi kuliko mimba nyingine.

Sasa nikueleze ninavyoliona lililotokea. Mumeo anasema kijiti kimeharibika, na naona hata wewe unaanza kuamini. Kijiti chenyewe huenda kiko salama kabisa. Hicho cha miaka mitatu hutoa homoni ya etonojestreli, mwanzoni maikrogramu 60 hadi 70 kwa siku, na mwishoni mwa mwaka wa tatu hushuka hadi 25 au 30. Ni kiasi kidogo mno, kinachotosha ini likiwa linaivunja homoni hiyo kwa kasi yake ya kawaida. Kazi ya kuvunja hufanywa na vimeng'enya vilivyomo kwenye ini na utumbo, na chenye mzigo mkubwa kuliko vingine huitwa CYP3A4. Mmea wako una kemikali ya haipaforini. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba kemikali hiyo hushika kipokezi fulani ndani ya seli za ini, ambacho kazi yake ni kutambua vitu vigeni. Kikishashikwa, seli inaamriwa itengeneze CYP3A4 kwa wingi. Weka ndoo chini ya bomba linalodondosha matone, kisha itoboe. Bomba linadondosha vile vile, ila ndoo haijai. Hicho kijiti kinaendelea na kazi yake. Homoni ndiyo inayoondolewa haraka kabla haijafika kiwango cha kukulinda.

Hili si la kubahatisha. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari baada ya kupata taarifa za wanawake wawili walioshika mimba wakiwa na vijiti mkononi huku wakitumia mmea huu huu. Sisi huku tunalijua kwa mlango mwingine, maana rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU huamsha vimeng'enya hivyo hivyo. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwaangalia wanawake wenye VVU waliokuwa na vipandikizi, yaani vijiti vya mkononi. Waliokuwa kwenye efavirenzi walishika mimba kwa kiwango cha mara tatu ya waliokuwa kwenye nevirapini, dawa nyingine ya VVU. Hata hivyo mimba zao zilikuwa chache kwa mbali kuliko za waliotegemea vidonge vya uzazi wa mpango. Nakutajia na hilo la mwisho ili usikeshe ukitetemeka: kinga yako imepungua, sisemi imekwisha.

Hata hiyo damu nisingeihukumu haraka. Kijiti peke yake huvuruga hedhi za wanawake wengi, na huweza kuzivuruga hata baada ya miezi ya utulivu. Kwa kuwa yako ilibadilika wiki chache baada ya kuanza vidonge, mmea ni mshukiwa wa kwanza. Lakini maambukizi hutoa damu, na mimba changa pia. Inabidi uangaliwe.

Yule mwenzako alisema ni majani tu, nawe ukapokea hivyo. Mmea huo huchanua maua ya njano karibu na sikukuu ya Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni, na ndiko lilikotoka jina lake. Ukiliinua jani lake kwenye mwanga utaona vitobo kama limechomwachomwa sindano, na ukifikicha tumba la ua linakuacha na vidole vyekundu. Madaktari wa Ujerumani huuandika kwa ajili ya sonona kwa sababu umepimwa na kuonekana unasaidia. Kwa hiyo ile jioni ya vitunguu ilikuwa ya kweli, na sitaki mtu akuambie ulijidanganya. Ni dawa kamili, nayo inafika hadi ini. Bibi yangu alikuwa akichemsha mwarobaini na mizizi mingine ambayo majina yake sikuwahi kufundishwa, na hakumpa mtu kikombe kabla ya kumuuliza kama ana mimba, kama ananyonyesha, na tangu juzi amekunywa nini. Yule mfamasia naye alikuuliza. Hukumdanganya, mwanangu. Wanawake wengi niliowahudumia wangejibu kama wewe, mpaka nikajifunza kuacha kuuliza "unatumia dawa gani" na badala yake kuuliza: kuna kitu unachomeza, unachopaka, unachochomwa, au kilichowekwa mwilini mwako?

Tuje kwenye uamuzi. Unaona ni kimoja kiondoke, kingine kibaki. Mimi naona milango zaidi ya miwili, na kila mmoja una kizingiti chake.

Unaweza kubaki na mmea ukabadili kinga. Kitanzi cha shaba hakina homoni ya kuvunjwa, kitanzi cha homoni hufanya kazi pale pale kwenye mfuko wa uzazi, na sindano ya miezi mitatu pia haiathiriwi na mmea huu. Lakini kitanzi cha shaba huongeza damu ya hedhi na maumivu kwa baadhi ya wanawake, na sindano huweza kuchelewesha uzazi kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Hilo lipime, kwa kuwa mnataka mtoto ukishamaliza. Fedha nazo zihesabu, maana bima ya umma ya huko kwa kawaida hugharamia njia hizi hadi umri wa miaka 22. Zipo pia aina za mmea zenye haipaforini kidogo ambazo majaribio yameona haziamshi ini sana. Hizo usizichague mwenyewe dukani.

Au unaweza kuuacha mmea na kubaki na kijiti chako, huku huzuni ikitibiwa kwa njia nyingine. Hapo nakuomba sana usiache ghafla ukiwa peke yako na giza lako. Kuna tiba ya mazungumzo. Kuna taa ya mwanga mkali, yenye nguvu ya lux 10,000, ambayo mtu hukaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, na kwa huzuni ya majira ya baridi huwafaa wengi. Kuna vidonge kama sertralini, ambavyo haviamshi vimeng'enya vinavyovunja homoni ya kijiti. Ila sertralini na Johanniskraut zikikutana mwilini zinaweza kupandisha serotonini, kemikali ya ubongo, kupita kiasi, mtu akatetemeka, akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio, na hali ikawa ya hatari. Daktari asiyejua unachomeza anaweza kukuandikia vidonge hivyo kwa nia njema kabisa.

Mlango wa mtoto nao upo, na haitakuwa haki niupite kimya. Umeandika kwamba mlikubaliana kusubiri. Je, bado ndivyo unavyotaka, wewe mwenyewe, ukiziweka pembeni Jumapili za mama mkwe na hofu ya kibali? Huko mwajiri haruhusiwi kumwachisha kazi mjamzito, hata akiwa mwanafunzi, ingawa masomo huenda yakarefuka na suala la kibali lingehitaji kuulizwa mapema. Sikusukumi. Vituo vya ushauri wa uzazi vya Pro Familia vipo kwenye miji ya huko, na unaweza kukaa na mshauri ukayaongea haya yote, ya kuzaa na ya kutozaa.

Kuhusu daktari, hofu yako naielewa. Mgeni huogopa kila karatasi. Sheria ya Ujerumani inamfunga daktari kutunza siri yako, na cheti cha ugonjwa kinachomfikia mwajiri hakiandikwi jina la ugonjwa. Wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, utaona mwenyewe jinsi siri hiyo inavyolindwa. Kama mlango wa daktari bado mzito, Telefonseelsorge, huduma ya kuwasikiliza wenye dhiki, hupokea simu usiku na mchana, bila malipo, na hakuna anayekuuliza jina. Na ikitokea siku lile giza limekuambia ni afadhali usiwepo, usiku huo huo umpigie mtu.

Limebaki la mumeo. Unasema hajui lolote. Hebu rudi jikoni siku ile ulipoimba. Mtu huja kuangalia kuna nini kwa sababu amesikia kitu ambacho hajakisikia siku nyingi. Naye alikuwa ameona umenyamaza, mwanangu, ila pengine hakujua aanzie wapi. Na aliposema kakitoe kijiti, wewe ulisikia sauti ya mama yake. Inawezekana. Inawezekana pia aliona mke wake anatoka damu siku 12 na akataka kinachomuumiza kiondolewe. Mimi simjui, wewe unamjua. Kumwambia kuna hatari zake: anaweza asielewe mara ya kwanza, anaweza kumgusia mama yake kabla hujawa tayari. Kutomwambia nako kunakugharimu, kwa kuwa kila kinga nyingine utakayochagua, kuanzia kondomu ya usiku wa leo, itahitaji maelezo, na maelezo ya uongo yatahitaji mengine ya kuyashikilia. Ukiamua kusema, si lazima uanze na neno sonona. Anza na kijiti: mwambie huenda hakijaharibika, mwambie kuhusu ini na ndoo iliyotobolewa. Atauliza ni nini kilichoitoboa, na hapo utamletea kopo. Muombe kabla hujaanza kwamba maneno hayo yabaki ndani ya nyumba yenu.

Kwa daktari au mfamasia utakayemwendea, nenda na pakiti yenyewe na ile karatasi yake, maana aina hutofautiana nguvu. Andika tarehe uliyoanza kumeza, tarehe damu ilipoanza, na tarehe mlipokutana mara ya mwisho bila kondomu. Kunja mkono wa nguo umwonyeshe kijiti kilipo. Akishakigusa mwenyewe kwa vidole hatakisahau kwenye hesabu yake.

Karibu na tarehe 20 Machi mchana wa Leipzig utakuwa na urefu sawa na mchana wa Arusha. Niandikie siku hizo, uniambie umefikia wapi, na yule babu hajambo?

Shangazi yako